Mvua Ikinyesha, Samadi Inakwenda Wapi?

Ntobeye, wilayani Ngara, ni nchi ya migomba na miinuko. Nyumba zimekaa mgongoni mwa kilima, migomba imezizunguka, na maji yako chini bondeni. Kila kinachomwagika juu kina safari moja tu. Ndiyo maana mtu akiuliza kijiji kifanye nini na mavi ya ng'ombe, makapi ya kahawa, maganda ya ndizi na mabaki ya mavuno, haulizi habari za zizi peke yake. Anauliza habari za maji, chakula, fedha na ujirani.

Mjadala huu nimeutunga. Wasemaji hawana majina kwa sababu si watu fulani. Kila mmoja anasema kwa kazi yake. Nimewaketisha kwenye madawati ya watoto katika darasa la shule ya msingi, Jumapili alasiri ya mwezi wa Novemba, vuli imekolea. Mezani ipo rasimu ya sheria ndogo ya kijiji yenye vipengele vinne. Kwanza, kila mwenye mifugo awe na shimo la samadi lililofunikwa. Pili, zizi au lundo lisikae ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Tatu, samadi isiuzwe nje ya kijiji bila kibali. Nne, mabaki ya migomba yenye ugonjwa yasitoke shambani. Atakayekaidi atalipa faini.

MWENYEKITI: Ndugu zangu, mkutano mkuu wa kijiji utakaa mwezi ujao. Kabla rasimu haijafika huko nataka tuipepete hapa. Sheria ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya mwaka 1982, inaruhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, wananchi wakatoa maoni yao, na halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Tusije tukapeleka Ngara mjini karatasi ambayo wenyewe hatuielewi. Bibi Afya ndiye aliyeleta hoja. Aanze.

BIBI AFYA: Shikamooni wazee. Sitasema mengi. Juu ya chemchemi yetu kuna mazizi matatu. Wenyewe siwataji, wanajijua. Mvua ya kwanza ikishuka, maji ya chemchemi hubadilika rangi, na siku chache baadaye akina mama wanapanga foleni zahanati na watoto wanaoharisha. Kinyesi cha mnyama hubeba vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Ng'ombe akitupa mimba kwa ugonjwa wa brusela, kondo lake likitupwa kwenye lundo, anayelichambua lundo hilo kwa mikono mitupu anaweza kuondoka na homa isiyoisha. Na maji yetu hayaishii hapa. Vijito vya Ngara vinaingia Ruvubu, Ruvubu inakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera inamwaga maji yake Ziwa Victoria. Gugumaji lilipolivamia ziwa lile mwishoni mwa miaka ya 1980, mto uliotajwa kuwa mlango wake ni Kagera. Gugumaji linanenepa kwa rutuba iliyooshwa milimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Rasimu imechukua kipimo hicho ikakipeleka na kwenye chemchemi. Hatubuni kitu kipya hapa.

MFUGAJI: Mwenyekiti, naomba nafasi.

MWENYEKITI: Karibu, mzee.

MFUGAJI: Mwanangu amesema vizuri, amesoma. Lakini mimi nimezaliwa zizini. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, na hakuna aliyemwandikia karatasi ya kumwambia mavi ayaweke wapi. Alikuwa akiyapeleka kwenye migomba. Migomba mnayoiona hapo nje imekula mavi ya ng'ombe waliokufa kabla sijapata akili. Sasa leo mavi yamekuwa taka! Ukishaita kitu taka, utamtafuta wa kumtoza faini. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwacheni mwenye ng'ombe abebe nundu yake.

MAMA WA MIGOMBA: Mzee wangu, nundu ni ya ng'ombe wako, hilo sikatai. Lakini mavi yakishashuka bondeni si yako tena. Yananywewa na mtu ambaye hajawahi kuonja maziwa yako.

(Kicheko. Mfugaji naye anacheka, kisha ananyoosha mkono.)

MFUGAJI: Hilo nimelipokea, mama. Ila nijibuni hesabu moja. Mita 60 kila upande wa maji ni mita 120. Yako mabonde hapa ambayo ukisimama ukingo huu unasalimiana na mtu wa ukingo ule bila kupaza sauti. Ukikata mita 120 umelimaliza bonde zima, pamoja na bustani ya mboga ya mjane. Waliotunga kipimo hicho walikuwa wanaufikiria mto mkubwa. Na sheria za kilimo zinazoshushwa kutoka juu tunazijua. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba, mkoani kwetu humu humu, walizikataa hadharani kanuni za kahawa ambazo mkoloni alitaka kuwalazimisha. Mwaka 1955 Waluguru wakakataa matuta ya lazima. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya kwa udongo. Ubaya ulikuwa kwamba mwenye shamba hakuulizwa.

MWENYEKITI: Ndiyo maana leo tunauliza, mzee. Bwana Shamba, umenyamaza sana.

BWANA SHAMBA: Nilikuwa namsikiliza mzee, kwa sababu ana haki nusu. Samadi si taka. Inageuka taka kwa namna tunavyoitunza. Mnaijua ile harufu kali inayokukaba koo ukiingia zizini asubuhi? Hiyo ni amonia. Ni naitrojeni inapaa hewani, ile ile unayokwenda kuinunua dukani ndani ya mfuko wa yurea. Mkojo wa ng'ombe nao, ambao hatuuhesabu kabisa, unabeba sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu inayotoka kwa mnyama. Sisi tunauacha uzame kwenye tope la zizi. Halafu lundo linakaa wazi masika mazima na vuli nzima. Mvua inalichuja kama chai. Mwezi wa tisa tunakwenda kutandaza majani ya chai ambayo utamu wake ulishakunywewa na bonde.

Sasa tufanye hesabu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Ukipanda migomba kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, unapata mashina kama 450. Tuseme kila shina lipate madebe mawili ya samadi kwa mwaka. Hayo ni madebe 900. Ng'ombe anayetoa kilo 15 za kinyesi kibichi kwa siku anatoa tani tano na nusu kwa mwaka, na kikishaiva uzito unapungua nusu. Ukilipima debe la samadi iliyoiva kwa kilo kumi au kumi na mbili, ng'ombe huyo hakufikishi madebe 300, hata kama hukupoteza koleo moja. Ekari moja ya migomba inadai ng'ombe watatu au wanne. Ni wangapi humu wana ng'ombe wanne na ekari moja tu?

MAMA WA MIGOMBA: Mimi nina mbuzi wawili na ekari moja na nusu.

BWANA SHAMBA: Ndiyo hivyo, mama. Ninachosema ni kwamba kinachochafua chemchemi ya Bibi Afya na kinachopungua kwenye mkungu wako ni kitu kimoja. Hakuna haja ya kugombana nani ana haki zaidi, mwenye kunywa maji au mwenye kula ndizi. Wote wawili wanaibiwa na mvua ile ile.

KIJANA WA FUSO: Mwenyekiti, hapo mimi naingia. Shikamooni. Wengi mnanijua. Nina sehemu yangu kwenye Fuso, nabeba ndizi nikienda, narudi na chochote kilichopo. Kipengele cha tatu kinaniua. Kinasema samadi isiuzwe nje bila kibali. Kibali cha nani? Mnajua karatasi ya kibali inavyokuwa: leo katibu hayupo, kesho muhuri umefungiwa kabatini, keshokutwa naombwa soda. Na samadi sasa ni mali. Mwaka 2022 bei ya mbolea ya dukani ilipopaa mpaka serikali ikaweka ruzuku, watu waliikumbuka samadi kwa haraka. Ng'ambo ya mto, Burundi, kiko kiwanda cha FOMI kinachochanganya samadi na virutubisho vingine na kuiuza kwenye mifuko. Wenye kiwanda hicho wamejenga kingine, Itracom, pale Nala, Dodoma. Dunia inakwenda huko. Kwa nini kijiji kimfungie mtu mlango wa riziki?

MAMA WA MIGOMBA: Mwanangu, wewe unabeba ndizi zetu kwenda mjini?

KIJANA WA FUSO: Ndiyo, mama.

MAMA WA MIGOMBA: Na maganda yake yanarudi?

KIJANA WA FUSO: Hayarudi. Yanaishia jalalani huko huko.

MAMA WA MIGOMBA: Basi kila mkungu unaopanda gari lako unaondoka na kipande cha shamba langu. Hilo nimelizoea, maana unanilipa. Lakini ukibeba mkungu, kisha ukarudi kubeba na samadi, utaniachia nini? Mawe?

BWANA SHAMBA: Mama amegusa penyewe. Mkungu unabeba potasiamu nyingi, na potasiamu haitoki hewani. Ndugu zetu Wahaya wa Bukoba na Muleba walilijua hili zamani. Walikuwa na kibanja, yaani migomba iliyozunguka nyumba, na rweya, nyika ya nyasi. Ng'ombe walikwenda rweya mchana na kulala nyumbani usiku. Mavi yao, pamoja na nyasi zilizokatwa za kutandaza, yaliingia kibanja. Rutuba ya uwanda mpana ilikuwa inakusanywa kwenye bustani ndogo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe, mzunguko huo uliyumba, na mahali pengi haukurudi ulivyokuwa. Kibanja hakikuishi kwa muujiza. Kiliishi kwa ng'ombe aliyerudi nyumbani kila jioni.

KIJANA WA FUSO: Sawa, lakini mnanitazama kama mwizi. Mimi naweza pia kuleta. Biharamulo kuna wafugaji wana ng'ombe mamia, wengi wao Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Boma likijaa mavi, mtu anahamisha boma, anaacha kilima cha samadi kimesimama. Pale wanatamani mtu wa kuwaondolea. Hapa Mama analia hana. Kati yao pana barabara ya Lusahunga na tatizo moja tu, mafuta ya gari. Samadi mbichi ni maji matupu. Nikiipakia mbichi nabeba maji kupandisha mlima. Ikikauka na kuiva kwanza huko huko, safari inalipa. Sasa kipengele chenu cha tatu kikiigwa na vijiji vya Biharamulo, hata hiyo hamtaipata.

(Minong'ono. Mwenyekiti anagonga meza.)

BIBI AFYA: Kijana ana hoja. Ila na mimi niulize. Samadi ikitoka Biharamulo kuja hapa, inakuja na nini? Mbegu za magugu? Kupe? Nani ataikagua?

BWANA SHAMBA: Samadi iliyoiva ipasavyo inajikagua yenyewe. Lundo lililopangwa vizuri, kinyesi kikachanganywa na nyasi kavu na majani, linapanda joto mpaka nyuzi 55 na zaidi. Joto hilo likikaa siku kadhaa, na lundo likageuzwa ili pembeni kuingie katikati, mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vinakufa. Kipimo hakihitaji maabara. Chomeka kijiti kirefu katikati, kiache, kisha kichomoe. Kikitoka cha moto, lundo linafanya kazi. Kikitoka baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoka baridi kinanuka, lundo limelowa na linakosa hewa. Kama ni mbolea ya kuuza kwenye mfuko wenye jina, hiyo ina mwenyewe: Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 iliunda mamlaka ya kudhibiti mbolea, TFRA, na bidhaa hiyo ni lazima isajiliwe. Lakini samadi inayotoka kwa jirani kwenda kwa jirani kwenye toroli, huyo jirani ndiye mkaguzi.

MFUGAJI: Bwana Shamba, umetembea. Huko Ulaya wao wanafanyaje? Maana kila semina tunaambiwa huko wameendelea.

BWANA SHAMBA: Huko tatizo lao limesimama kichwa chini, miguu juu. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 1991 wa kuzuia naitreti za kilimo kuingia majini. Kwenye maeneo yaliyo hatarini, mkulima haruhusiwi kuweka naitrojeni ya samadi zaidi ya kilo 170 kwa hekta kwa mwaka. Uholanzi, nchi hiyo hiyo iliyotusaidia hapa Kagera kwenye miradi ya ng'ombe wa maziwa, ina mifugo mingi kuliko ardhi yake inavyoweza kumeza. Mwaka 2019 ulipozuka huko mjadala wa kupunguza mifugo, wakulima walipanda matrekta wakaujaza mji wa The Hague. Mkulima wa kule anahangaika apeleke wapi samadi iliyozidi. Mama hapa anahangaika aipate wapi.

MFUGAJI: Enhe! Basi kwa nini sheria zifanane? Wao wameshiba mpaka wanatapika, sisi hatujala. Huwezi kumpa mwenye njaa dawa ya kuvimbiwa.

BIBI AFYA: Mzee, mwenye njaa naye akila kilichooza anaumwa. Sisi hatuna samadi nyingi, lakini hiyo kidogo tuliyonayo yote inashukia kwenye chemchemi moja. Lundo moja lililokaa mahali pabaya linatosha.

MAMA WA MIGOMBA: Niseme neno, Mwenyekiti. Nimewasikiliza wote. Mzee anaogopa kupimiwa wingi. Kijana anaogopa kuombwa kibali. Bibi Afya anaogopa maji. Mimi naona rasimu imekosea swali. Inamuuliza mtu, una samadi kiasi gani, na unampelekea nani? Hayo ni mambo ya mtu na nyumba yake. Swali la kijiji ni moja: mvua ikinyesha, samadi yako inakwenda wapi? Kama inakaa shimoni inangoja migomba, hata uwe na lundo la kufika paa, Mungu akuzidishie. Kama inashuka bondeni, hata iwe ya mbuzi wangu wawili, nina kosa.

(Kimya kifupi. Nje mvua imeanza, nyepesi.)

MWENYEKITI: Hilo swali liandikwe juu kabisa ya karatasi. Sasa tupitie kipengele kimoja kimoja. Cha nne nadhani hakina ubishi?

MFUGAJI: Hakina. Mgomba mgonjwa ukiuleta kwangu umeniletea msiba.

BWANA SHAMBA: Niseme kidogo tu, kwa ajili ya vijana. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 ukathibitishwa kwetu, Muleba. Unatembea kwa wadudu wa maua, kwa miche, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Hapo nasema wazi: elimu bila sheria haitoshi, kwa sababu uzembe wa mmoja unaua mashamba ya kijiji. Mgomba mgonjwa ung'olewe au ukatwe na uoze pale pale. Majani yake yasiwe matandazo ya jirani wala chakula cha mbuzi. Ua la kiume likatwe kwa kijiti cha panda, siyo kwa panga. Na panga lipite kwenye moto au kwenye jiki. Wenye kahawa ya robusta nao wasijisahau. Mnyauko fuzari uliingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, na mabaki ya mbuni uliokufa nayo si ya kusambaza. Hapa taka ni taka kweli.

MWENYEKITI: Cha nne kimepita. Cha tatu, cha Kijana?

MAMA WA MIGOMBA: Kibali kifutwe. Tuweke daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Anayeuza samadi nje aandikishe kwa balozi wa nyumba kumi ametoa madebe mangapi na yamekwenda wapi, bila soda wala muhuri. Lakini kabla gari halijaja, majirani waulizwe kwanza kama kuna anayenunua kwa bei ile ile. Na anayeleta kutoka Biharamulo aandikwe vile vile, atuonyeshe kijiti cha Bwana Shamba.

KIJANA WA FUSO: Hiyo naikubali hata leo.

MWENYEKITI: Cha kwanza. Shimo lililofunikwa.

MFUGAJI: Kufunikwa kwa nini? Bati moja mnajua bei yake?

BWANA SHAMBA: Hatujasema bati, mzee. Nyasi kavu, majani ya mgomba mzima, udongo kidogo juu, na mfereji upande wa mlimani ili maji ya mvua yapite pembeni. Sakafu ya zizi iinamie upande wa shimo ili mkojo uteleze kwenda huko. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili.

MAMA WA MIGOMBA: Hao watu wawili ni nani?

BWANA SHAMBA: Samahani, mama?

MAMA WA MIGOMBA: Nauliza hao watu wawili ni nani. Maana zizi anafagia mwanamke. Samadi anabeba mwanamke kichwani kwa karai, anapanda nayo na kushuka nayo. Nyasi anakata mwanamke. Lakini siku Fuso inakuja, anayepokea fedha simwoni na karai. Burundi walitunga sheria mwaka 2018 ya kufungia mifugo zizini, na Rwanda walianza kugawa ng'ombe kwa kaya maskini mwaka 2006. Mazuri hayo, samadi inakusanyika mahali pamoja. Lakini ng'ombe wa kufungiwa hali maneno. Kila siku mtu amkatie majani, amletee maji. Mkiandika "kila mwenye mifugo atachimba shimo", mnajua ni nani atachimba. Andikeni "kila mkuu wa kaya".

MFUGAJI: (Anatikisa kichwa taratibu.) Mama, umeniingiza mpaka nyumbani kwangu.

BIBI AFYA: Na kama shimo likichimbwa, je, tusifikirie na gesi ya samadi? Mwaka 2009 kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianzisha mpango wa kitaifa wa kujenga mitambo hiyo majumbani. Ngara tunajua kuni ni nini. Mwaka 1994, wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa siku moja hivi, vilima vya kambi ya Benaco vilibaki vipara.

BWANA SHAMBA: Kwa mwenye ng'ombe wawili au zaidi waliofungiwa, na maji karibu, inafaa sana, na tope linalobaki ni mbolea nzuri. Lakini kila ndoo ya kinyesi inadai karibu ndoo ya maji. Mwenye mbuzi wawili na chemchemi iliyo chini ya mlima utakuwa umemwongezea ndoo kichwani. Iwe ruhusa, isiwe sharti.

MWENYEKITI: Basi kimebaki cha pili. Mita 60.

(Mvua imeongezeka. Inabidi wapaze sauti.)

MFUGAJI: Msimamo wangu wa bonde jembamba uko pale pale.

BIBI AFYA: Na wangu wa chemchemi uko pale pale. Lakini nitafungua mlango kidogo. Zizi na lundo ni vitu vinavyohama. Bustani ya mboga ya mjane si zizi. Basi zizi, lundo na shimo vitoke ndani ya mita 60, bila kujali bonde ni jembamba kiasi gani. Hivyo vipande juu. Bustani ibaki, kwa masharti: isiwekwe samadi mbichi, na kati yake na maji kuwe na ukanda wa nyasi usiolimwa. Mabingobingo yanazuia tope, na ng'ombe wa mzee anayala.

MFUGAJI: Muda je? Zizi halihami kama mkeka.

MAMA WA MIGOMBA: Mpaka vuli ijayo. Na kazi ya kuhamisha iwe ya msaragambo, tusaidiane. Faini imsubiri aliyesaidiwa akakataa.

MFUGAJI: Basi nami niwe wa kwanza. Katika yale mazizi matatu ya Bibi Afya, moja ni langu. Liandikeni.

KIJANA WA FUSO: La pili ni la nyumbani kwetu. Nitazungumza na baba.

(Katibu anaandika. Kisha anainua kalamu, anangoja. Watu wanatazamana. Mvua inasikika juu ya bati, na nje ya dirisha maji yamejikusanya njiani, yanashuka yakiwa na rangi ya chai.)

BIBI AFYA: Nilisema matatu.

(Hakuna anayejibu. Mwenyekiti anaikunja rasimu, anaikunjua tena.)

MWENYEKITI: La tatu ni langu. Nilidhani liko mbali vya kutosha. Sijawahi kupima.

MAMA WA MIGOMBA: Kamba ninayo, Mwenyekiti. Tutaikata mita 60 kamili.

MWENYEKITI: Basi kesho alfajiri, mvua ikikatika, tukutane chemchemini. Tuanze kupima kwangu.